Kasri la Mysore: maswali ninayoulizwa na wanaojiandaa kwenda

Watu wetu wengi hufika Bengaluru, kule India, kwa mambo mawili: masomo na matibabu. Mimi nilikwenda kumuuguza mama. Daktari alipotuambia tungoje siku nne kabla ya kipimo kingine, kijana mmoja mwanafunzi kutoka Morogoro, aliyekuwa akija kututazama pale nyumba ya wageni, akasema, "Mama, msikae ndani siku zote nne. Nendeni Mysore." Tukaenda. Tangu hapo nimerudi mara tatu, na kila ndugu au rafiki anayepata safari ya Bengaluru hunipigia simu kuuliza. Nimeyakusanya maswali yao hapa. Ya nauli na viatu yamo, lakini nimekaa zaidi kwenye jengo lenyewe, kwa sababu nimeona watu wengi mno wakipita mle ndani wakitazama migongo ya walio mbele yao, na kutoka bila kuinua macho hata mara moja.

Mysore iko wapi, na kasri ni la nani?

Mji uko kusini mwa India, jimbo la Karnataka, kama kilomita 145 kutoka Bengaluru. Jina rasmi siku hizi ni Mysuru, ila ukisema Mysore kila mtu anakuelewa. Kasri huitwa Amba Vilas, na lilikuwa makao ya wafalme wa ukoo wa Wadiyar, ambao kwa mapokeo yao huhesabu utawala tangu mwaka 1399. Walitawala hadi India ilipopata uhuru mwaka 1947, ukiacha miongo kadhaa ya karne ya 18 ambapo nguvu ilikuwa mikononi mwa Haidar Ali na mwanawe Tipu Sultan. Tipu aliuawa akipigana na Waingereza tarehe 4 Mei 1799, nao wakamkalisha kwenye kiti cha enzi mtoto wa Wadiyar aliyekuwa na umri wa miaka mitano tu.

Jengo lina umri gani?

Wengi hukisia miaka mia tatu au mia nne. Sivyo. Lilianza kujengwa mwaka 1897 na kukamilika mwaka 1912, kisha katika miaka ya 1930 likapanuliwa kwa mbele, upande wa ukumbi mkubwa wa baraza.

Kasri lililokuwapo kabla yake lilikuwa la mbao. Mwaka 1897, wakati wa harusi ya binti mfalme Jayalakshmammanni, lilishika moto likateketea. Baba wa bibi harusi, mfalme Chamaraja wa Kumi, alikuwa amefariki mwaka 1894. Mrithi, Krishnaraja wa Nne, alikuwa bado mtoto, na aliyeshika hatamu kwa niaba yake alikuwa mama yake, malkia Kempananjammanni. Mjane huyu, harusi ya bintiye imekatizwa na moto na nyumba yake imekuwa majivu, akahamishia familia kwenye kasri dogo la Jaganmohan lililo jirani, akamwita msanifu Mwingereza Henry Irwin, akaagiza kasri jipya papo hapo.

Shika jambo hili kabla hujakata tiketi. Mambo mengi utakayoyaona yanafungamana na moto ule: kwa nini jiwe badala ya mti, kwa nini nguzo za chuma, kwa nini paa la vioo. Ukilijua hilo, huzungushwi tena kwenye nyumba ya tajiri. Unaona watu waliokwisha ungua mara moja wakijenga wasiungue tena.

Mbona lina makuba kama msikiti, na wenyewe ni Wahindu?

Mama yangu aliuliza hili kabla hatujafika hata langoni. Makuba yale ya rangi ya waridi iliyokolea, na matao yake, asili yake ni majengo ya Waislamu wa kaskazini mwa India, hasa ya watawala wa Kimughali. Lakini ukitulia utaona mengine. Vibanda vidogo vyenye nguzo juu ya paa na roshani zinazotokeza ukutani ni vya makasri ya Rajasthan, jimbo la kaskazini-magharibi mwa India. Juu ya tao la katikati yuko mungu wa kike wa utajiri, Lakshmi, pamoja na tembo wake, na huyo ni wa Kihindu kabisa. Na umbo zima, lililopangwa kwa ulinganifu kushoto na kulia, lina mkono wa Ulaya.

Mchanganyiko huu wataalamu huuita mtindo wa Indo-Saraseni. Waingereza waliupenda kwa majengo makubwa ya India: mahakama, vituo vya reli, makumbusho, makasri. Wapo wanaousema vibaya, kwamba ni mgeni kuchukua kipande hapa na kipande pale na kuvishona. Kwa majengo mengine nakubaliana nao. Kwa Mysore, hapana, kwa sababu aliyeliagiza alikuwa mwenyeji aliyejua atakaa humo, mafundi wa kuchonga walikuwa wa Mysore, na mahali patakatifu ndani ya nyumba paliwekwa kwa desturi za wenyewe.

Huko kwetu kuna kitu cha aina hii?

Kipo. Ukisimama Mnazi Mmoja, Unguja, mbele ya Beit el Amani, lile jengo jeupe la makumbusho lenye makuba lililosanifiwa na John Sinclair na kufunguliwa mwaka 1925, unaona fikra zile zile: Mwingereza wa enzi ya ukoloni akitafuta umbo la "Mashariki" la kujengea jengo la serikali. Na jengo la zahanati ya zamani kule pwani ya Mji Mkongwe, lililogharimiwa na Tharia Topan na kukamilika mwaka 1894, lina roshani za mbao zilizochongwa na vioo vya rangi vilivyotokana na mikono na mapenzi ya Wahindi. Aliyewahi kuvitazama vile vioo kwa makini hatakuwa mgeni kabisa Mysore.

Nianze kutazama wapi nikiwa nje?

Wageni huingilia lango la kusini, la Varaha. Usikimbilie foleni ya ndani. Zunguka kwanza hadi mbele, upande wa mashariki, urudi nyuma uwanjani mpaka kasri lote liingie machoni. Hapo hesabu matao: saba makubwa, na mawili membamba yaliyolibana lile la katikati. Inua macho taratibu, ghorofa tatu za jiwe la itale la kijivu, kisha mnara uliopanda ghorofa tano hadi mita 44, na kuba lake lililopakwa dhahabu. Rangi hizo, kijivu cha jiwe na waridi ya makuba, zinabadilika sana kwa saa. Saa nne asubuhi jiwe linaonekana baridi. Saa kumi jioni linapata joto.

Ndani ya ukuta kuna pia mahekalu 12, ya enzi mbalimbali. Hayo bado ni ya ibada, watu wanaingia kusali, kwa hiyo pita kwa adabu. Na usiwapite wale chui milia wa shaba waliolinda njia. Mchongaji wake alikuwa Mwingereza, Robert William Colton.

Ndani kuna nini cha kwanza?

Unaanzia ukumbi wa wanasesere, Gombe Thotti. Kusini mwa India, siku za Dasara, sherehe ya Kihindu ya siku kumi, familia hupanga wanasesere nyumbani, na nyumba ya mfalme haikuwa tofauti. Hapo karibu kimewekwa kile kiti kinachofungwa mgongoni mwa tembo wakati wa maandamano: mbao iliyofunikwa kwa kama kilo 80 za dhahabu, na uzito wake wote ni kilo 750. Wengi husimama hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Mimi nakushauri utazame dakika chache uendelee, maana dhahabu ni dhahabu, na mbele kuna kazi kubwa zaidi.

Wanasema nisikose ukumbi wa harusi. Una nini?

Una kila kitu nilichokisema kuhusu moto, katika chumba kimoja.

Unaitwa Kalyana Mantapa. Ni ukumbi wa pembe nane. Kumbuka kwamba kasri la kwanza liliungua katika harusi, kisha fikiria hao waliojenga upya wakifika kwenye chumba cha harusi. Wangeweza kukifanya kizito, cha mawe na giza. Badala yake waliinua nguzo nyembamba za chuma cha kusubu, zimesimama tatu tatu, zikapanda juu sana, na juu yake wakaweka kuba la vioo vya rangi. Chuma na vioo vilitoka Glasgow, Scotland, vikasafirishwa kwa meli. Lakini michoro ya vioo ni ya Mysore: tausi, yule yule ndege anayetembea kwenye bustani za Ikulu ya Dar es Salaam, mkia umefunguliwa, na maua kati yake. Sakafuni vigae vinamrudia tausi.

Nguzo zile ni nyembamba kwa sababu chuma kinabeba zaidi ya mti kwa unene mdogo. Kwa hiyo ile hofu ya moto haikuzaa ngome, ilizaa mwanga. Jua likiwa juu, rangi za buluu na kijani zinashuka ukutani na kwenye mabega ya watu, na kila wingu likipita chumba kinabadilika. Mama alikaa chini pembeni, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, hapa hata bwana harusi asiyependwa angependeza."

Kuzunguka ukuta kuna picha 26 za rangi za mafuta zinazoonyesha maandamano ya Dasara: tembo, farasi, askari, mfalme. Zilichorwa kwa kufuata matukio halisi ya siku zile. Tafuta nyuso za watazamaji waliosimama kando ya njia. Wachoraji hawakuwafanya umati tu.

Na huo ukumbi wa baraza?

Wenyewe wanasema Durbar, lakini Kiswahili kinalo neno lililo karibu zaidi na jambo lenyewe: baraza. Kwetu baraza ni mkutano, na pia ni mahali pa mbele ya nyumba pa kukaa na wageni, pamefunguka nje. Ukumbi wa Durbar wa Mysore ni vyote viwili. Uko ghorofani, upande mmoja wote umefunguka kuelekea uwanjani, mfalme akikaa hapo na raia wakimwona toka chini. Nguzo zimepangwa safu kwa safu, zimenenepa kiunoni, zimepakwa rangi ya feruzi na dhahabu, na matao juu yake yanafuatana. Simama mwanzo wa safu moja utazame hadi mwisho wake: matao yanaingia moja ndani ya jingine mpaka jicho linachoka. Watu hupiga picha wakiwa katikati ya ukumbi. Ukitaka kuuelewa, simama kwenye kona.

Ukumbi wa baraza la faragha, Amba Vilasa, una jina lile lile la kasri. Huko kuna milango ya fedha, mlango wa mbao ngumu ya kahawia uliotiwa nakshi ya pembe za ndovu, thurea za vioo, dari ya vioo vya rangi, na sakafu iliyopachikwa mawe ya thamani kwa mtindo ule unaoonekana Taj Mahal. Mlango wa pembe za ndovu ulinishika kwa namna mbili. Ni kazi ya mikono ambayo sijaona mfano wake. Na ni tembo waliokufa. Sioni sababu ya kuficha mojawapo.

Iligharimu kiasi gani?

Rupia 4,147,913. Wahindi wataiandika 41,47,913, kwa sababu wanahesabu kwa laki: laki 41 na ushei. Laki yetu ni hiyo hiyo, imetoka huko, pamoja na rupia ambayo babu zetu wa pwani waliitumia sokoni. Wakati uleule serikali ya Mysore ilikuwa ikiwekeza pia kwenye mambo mengine: kituo cha umeme cha Shivanasamudra, kwenye maporomoko ya mto Kaveri, kilianza kazi mwaka 1902 na ni miongoni mwa vya kwanza India. Mtendaji mkuu wa mfalme aliitwa dewan. Ndiyo, diwani.

Taa huwashwa lini?

Jumapili na sikukuu za taifa, giza likiingia, kuanzia saa moja jioni, kwa muda usiofika saa nzima. Na usiku wote kumi wa Dasara. Ni balbu zinazokaribia 97,000, zimefuata kila ukingo wa jengo: kila tao, kila kuba, kila roshani. Huwashwa zote kwa mara moja, na uwanja mzima unapiga kelele. Kwa anayependa usanifu faida yake ni kubwa, maana usiku rangi na nakshi zinapotea na unabaki mchoro mtupu wa jengo, kama fundi alivyouchora kwenye karatasi. Kama siku yako ni moja tu, ifanye Jumapili: ingia ndani saa nane mchana, toka, pumzika, subiri taa. Watu ni wengi, lakini inafaa.

Niende wakati wa Dasara?

Kama unataka kuona sherehe, nenda. Kama unataka kuona jengo, usiende siku hizo. Dasara huangukia Septemba au Oktoba kufuatana na kalenda ya mwezi. Siku ya kumi tembo aliyepambwa hubeba kile kiti cha dhahabu kutoka kasri hadi uwanja wa Bannimantap. Zamani aliyekaa juu yake alikuwa mfalme. Leo ni sanamu ya Chamundeshwari, mungu wa kike ambaye kwa masimulizi yao alimwua pepo Mahishasura, na jina la mji linatokana na huyo pepo. Kiti cha enzi cha dhahabu hutolewa kuonyeshwa msimu huo. Ila hoteli hujaa na kupandisha bei, na kuna saa ambazo kasri hufungwa kwa ajili ya ibada za familia.

Kwani mfalme bado yupo?

Cheo hakina mamlaka ya dola, na posho za wafalme zilifutwa kwa katiba mwaka 1971. Familia ipo, ina sehemu yake ya kuishi, na mrithi wa sasa, Yaduveer Krishnadatta Chamaraja Wadiyar, alitawazwa kwa mila mwaka 2015 na kuchaguliwa mbunge wa Mysore mwaka 2024. Sehemu ya wageni inaendeshwa na serikali ya jimbo.

Nafikaje kutoka Bengaluru?

Kwa treni kutoka kituo kikuu cha KSR, au basi la KSRTC, shirika la mabasi la jimbo, kutoka kituo cha Mysuru Road. Barabara mpya ya haraka ilizinduliwa Machi 2023 na imefupisha safari sana, ingawa foleni ya kutoka Bengaluru yenyewe inaweza kula saa nzima. Toka mapema. Ukishuka kituo cha treni Mysore, kasri liko kama kilomita mbili, na bajaji zipo tele. Patana bei kabla ya kupanda.

Nivae nini? Viatu na picha je?

Viatu vinavuliwa na kuachwa kaunta kabla ya kuingia ndani. Vaa soksi kama miguu haizoei sakafu ya mawe. Mchana sehemu za nje zinachoma. Mavazi ya heshima yanatosha, na mtandio au kanzu si tatizo. Kuhusu picha, utaratibu umebadilika miaka tofauti, kwa hiyo fuata bango la mlangoni siku hiyo. Milango hufunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Tiketi ya mgeni kutoka nje ni ghali kuliko ya Mhindi, beba pasipoti.

Nina mgonjwa au mzee. Ataweza?

Uwanja ni tambarare, lakini ndani kuna ngazi za kupanda kwenye kumbi za juu, na foleni haisimami kwa urahisi. Mama aliweza kwa sababu tulifika asubuhi ya Jumanne, watu wachache, tukakaa kila tulipopata pa kukaa. Beba maji, dawa zake na chakula kidogo cha kula nje. Mkiona amechoka, ukumbi wa harusi uko chini, hauhitaji kupanda. Mwoneshe huo, mrudi. Anayetafuta chakula cha halali atakipata mtaa wa Mandi Mohalla.

Nimebakiwa na nusu siku. Niende wapi tena?

Jaganmohan, lile kasri dogo familia ilikokimbilia baada ya moto, limekuwa jumba la sanaa lenye picha za mchoraji Raja Ravi Varma. Soko la Devaraja kwa maua, ndizi na sandali, na ununue mysore pak, kitamu cha unga wa dengu, sukari na samli kilichoanzia jikoni mwa kasri.

Lakini kama ni mahali pamoja tu, nenda Srirangapatna, kilomita kama 15 nje ya mji, kwenye kasri la kiangazi la Tipu Sultan, Daria Daulat, la mwaka 1784. Ni dogo, liko kati ya bustani, na limejengwa kwa msaji. Nguzo ni za mti, dari ni ya mti, kuta zimefunikwa kwa picha toka chini hadi juu, zikiwemo za vita vya Pollilur, ambako Haidar Ali na Tipu waliwashinda Waingereza. Gusa nguzo kwa macho tu, simama kwenye kile kivuli, usikie ile harufu ya mbao kuukuu. Mwanga wake ni mdogo, wa kahawia, umetulia. Hapo ndipo nilipoelewa malkia Kempananjammanni alipoteza nyumba ya namna gani katika harusi ile.